Chupa Tulizomwaga Kabla ya Keki

Nimestaafu juzi juzi tu, na miguu yangu bado haijapata habari. Kila nikimaliza kuswali alfajiri hunitoa nje na kunielekeza njia ya Kinondo, mpaka mke wangu, Bi Mwanaisha, aniulize kutoka mlangoni naenda kulisha nini. Hapo ndipo ninapokumbuka kwamba sina tena cha kulisha isipokuwa kuku wake, na hao hawaniamini.

Ofisi ya maabara imeniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kumbukumbu za kazi yangu, na imeniusia nisisahau mafanikio. Mafanikio nayaacha. Yapo yote kwenye ubao wa ukumbini, na mengine yalibandikwa kabla hayajatokea. Nitaandika yale ambayo hayakupata pini.

Kwa atakayesoma bila kutujua, kituo chetu ni kidogo, kiko nyuma ya Kinondo, kati ya minazi na ukuta wa hoteli. Kazi yake ni kuuliza swali moja: ilikuwaje seli zilizokuwa zikiishi moja moja, kila moja na shughuli zake, zikakubali kushikana na kuwa kiumbe kimoja chenye mdomo na mgongo, na hatimaye mashemeji? Seli tunazofuga zinatoka baharini. Kila moja ina mkia mmoja na kola ya vinyweleo kuuzunguka, nayo hula bakteria mchana kutwa. Wataalamu husema ni binamu wa mbali wa wanyama wote, sisi tukiwemo. Nilipomweleza hayo Bi Mwanaisha alisema kwamba kwa upande wa ukoo wangu alikuwa ameshashuku.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Nilidhani nitavaa koti jeupe. Nilipewa aproni ya plastiki na beseni, nikaambiwa nioshe vyombo vya kioo. Aliyenipokea alikuwa Fundi Athumani, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyejifunza kazi ya maabara kwenye kiwanda cha sukari cha Ramisi akipima maji ya miwa, na ambaye mpaka mwisho wa maisha yake alikunywa chai isiyo na sukari. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatazama viatu vyangu, akaniambia vile si vya kwangu kwa sababu navitembelea kwa heshima.

Siku ile nilitaka kumwonyesha kwamba mama yangu alinilea. Nilinunua sabuni nzuri ya kunukia dukani, nikaosha kila chupa mpaka ikang'aa. Kesho yake seli zote zilizohamishiwa humo zilikuwa zimekufa. Fundi Athumani alinusa chupa moja, akanipa ninuse na mimi.

"Umeziosha vizuri sana, mwanangu," akasema. "Zimekufa zikinukia."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinifundisha kwamba kuosha si kazi, kazi ni kusuuza, na kwamba ukichoka kusuuza ndipo umeanza. Alinifundisha jungu la mvuke, lile la kuulia vijidudu kwa joto, ambalo kifuniko chake hufungwa kwa kukaza skrubu mkabala kwa mkabala, wala si kwa kuzunguka kama afungaye kilemba. Alinifundisha kushika pipeti, kile kijiti cha kunyonyea majimaji, kama ninayeshika mkono wa mgonjwa. Na kila asubuhi, kabla hajagusa kitu kingine, alikwenda kwenye rafu ya dirishani akazitazama chupa ambazo hazikuwa zikifanyiwa lolote.

Nilimuuliza kwa nini anaanza na hizo, wakati chupa za majaribio ndizo za wataalamu.

"Hizi ni za kulinganishia," akasema. "Unazilisha kama zile nyingine, unazihamisha kama zile nyingine, ila hizi huzifanyii ujanja wowote. Kazi yake ni kukwambia kama unajidanganya."

Niliona ni kazi ya ajabu kwa chupa. Sasa naona ndiyo kazi pekee pale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba.

Miaka ikapita kwa namna inavyopita mtu anapohamisha seli kila wiki: hugundui mpaka uone mvi kwenye kioo cha hadubini. Fundi Athumani akastaafu, akarudi Ramisi, na mimi nikarithi kigoda chake. Kisha akaja mkurugenzi mpya, Profesa Mutiso.

Nataka niwe mwadilifu kwake. Profesa ni mtu wa bara, mchangamfu, hana kiburi, hula mahamri na mbaazi pamoja nasi na kuuliza hali ya watoto. Kasoro yake ni moja: hawezi kuona ukuta mtupu. Mwezi wake wa kwanza alileta ubao mkubwa wenye kitambaa cha kijani, akaupachika ukumbini, na juu yake akaandikisha kwa rangi ya dhahabu, Habari na Mafanikio. Baada ya hapo ilibidi zipatikane.

Tukaanza kupongezana. Mtafiti fulani akipanda ndege kwenda kwenye mkutano, hongera. Akiuliza swali kwenye mkutano, hongera tena, na picha yake akiwa ameshika kipaza sauti. Makala ikipelekwa kwenye jarida, inabandikwa kwamba imepelekwa. Ikirudishwa ili irekebishwe, inabandikwa kwamba imepokewa kwa maoni ya kina. Friji jipya lilipoletwa lilipigwa picha huku sisi wote tukiwa tumesimama kando yake kama ndugu wa bwana harusi. Kila tangazo kubwa lilikuwa na keki kutoka Ukunda, na jina la mtu juu yake kwa sukari ya rangi.

Msidhani nilikuwa pembeni nikicheka. Matangazo yale niliyaandika mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na Profesa aliuona, na mtu mwenye mwandiko mzuri haombwi mara mbili. Nilijifunza kuandika "kwa furaha kubwa" mpaka ikawa mkono unaitangulia akili. Nilipenda pia kipande cha keki cha pembeni, chenye sukari pande mbili, ambacho kilikuwa cha mwandishi.

Kwa hiyo ikaja desturi, na hii ndiyo ninayotaka mwijue kwa sababu haikuandikwa popote. Maabara nyingine hupata jibu, zikalihakiki, zikalitangaza. Sisi tulipata jibu, tukalitangaza, tukakata keki, na uhakiki ukafuata kama kuosha sahani. Na jibu lisilolingana na tangazo lilikuwa na jina lake. Liliitwa uchafu. Chupa ikionyesha tulichotarajia, hayo ni matokeo. Ikionyesha kinyume, imechafuka, na chupa iliyochafuka humwagwa. Aliyeimwaga nilikuwa mimi, nami nilijisifu kwamba sina mkono wa kusitasita.

Katika hali hiyo akaja Mwanasiti. Ni binti wa papo hapo Kinondo, mtoto wa Mwalimu Rashidi wa madrasa, wa kwanza kutoka kijiji kile kuja kusomea udaktari wa falsafa katika seli. Aliingia siku ya kwanza akanipa shikamoo, akaniita ami kwa sababu babake na mimi tulisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, kisha akavua bangili zake, akazitia mfukoni, akaenda kuosha chupa zake mwenyewe. Nilimwambia hiyo ni kazi yangu. Akasema anataka ajue zinavyooshwa, ili zikifa ajue hazikufa kwa sababu hiyo. Nikamsimulia habari ya sabuni ya kunukia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jaribio lake nitalieleza kwa ufupi. Alichukua seli zetu zinazoishi moja moja. Kila wiki aliiacha chupa itulie, akachukua zile chache zilizozama chini haraka, akazihamishia chupa mpya. Zile zilizobaki zikielea aliziacha. Wazo lilikuwa kwamba inayozama haraka ni nzito, na njia nyepesi ya kuwa mzito ni kushikana na jirani yako. Ukiendelea hivyo vizazi kwa vizazi, pengine utaziona seli zikijifunza kuishi pamoja mbele ya macho yako. Pembeni yake, kwenye rafu ya dirishani, zilikaa chupa za kulinganishia, seli zile zile zisizochaguliwa. Hizo zilikuwa mikononi mwangu.

Alifanya kazi ile kwa subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kisha asubuhi moja aliniita niangalie kwenye hadubini, wala hakusema nini. Niliona vitonge. Seli zimeshikana kwa migongo, mikia yote nje, zinazunguka taratibu kama ambaye hana pa kwenda na haoni ubaya. Nilirudi nyuma nikamtazama. Alikuwa ameuma ukucha.

"Nimeona kweli, ami?"

Nikamwambia ameona kweli. Ndivyo ilivyokuwa, alichoona kilikuwa kweli.

Profesa aliangalia, akapiga makofi, akaagiza keki. Iwekwe picha ya kitonge juu yake, akasema, kwa sukari ya buluu. Waandishi wa habari waalikwe, na wafadhili, na wazee wa kijiji. Nilipewa karatasi ngumu na kalamu ya felti, nikaandika kwa mwandiko ambao sijawahi kuuzidi: kwa furaha kubwa, kwa mara ya kwanza katika pwani yetu, seli zimegeuka kutoka upweke hadi jamii.

Siku moja kabla ya sherehe Profesa aliingia kwenye chumba cha hadubini akitafuta chupa nzuri ya kuwaonyesha wageni. Akachukua ya dirishani kwa bahati. Nilimwona ameinama, kisha ameinama zaidi. Akachukua ya pili, na ya tatu.

Na humo mlikuwa na vitonge. Humo, ambamo hakuna aliyechagua kitu.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Mzee wangu," akasema, "hii imechafuka. Mtu amechanganya pipeti."

Nikasema pipeti za dirishani zina sanduku lake na sanduku halijafunguliwa na mwingine.

"Basi ni hewa. Hii ni uchafu tu, mzee. Mwaga, tutaanzisha ingine wageni wakienda."

Nilijua kwamba si pipeti. Hewa nayo sikuiamini. Nilimfikiria Fundi Athumani, na hapo hapo nikafikiria lile tangazo langu, jinsi herufi ya kwanza ilivyotoka vizuri, na kwamba karatasi ngumu ya namna ile ilikuwa ya mwisho. Sitawaambia kwamba niliamriwa tu. Niliamriwa, na amri ilinifaa. Nilizibeba chupa zote za kulinganishia hadi kwenye sinki, nikazimwaga kwenye ndoo ya dawa, zikatoa povu kidogo, basi.

Alasiri Mwanasiti aliingia akakuta rafu tupu. Aliniuliza zimekwenda wapi, nikamwambia zimechafuka na Profesa ameagiza zimwagwe. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa rafu.

"Zilikuwaje, ami?"

"Zilikuwa na vitonge," nikasema. "Kama zako."

Nje alikuwa akiitwa aende kujipima joho la picha. Aliitwa mara ya pili. Akauachia ule ukingo, akaenda.

Sherehe ilifana. Kuna picha yake mpaka leo: Mwanasiti ameshika kisu, Profesa ameshika mkono wenye kisu, nami nyuma nimeshika sahani. Gazeti likaandika kwamba wanasayansi wa Kwale wameziwezesha seli kuwa mnyama. Kule Munje nilikokulia, watu waliniuliza mnyama huyo atafika ukubwa gani, na kama watahitaji kufunga mbuzi. Imamu wetu, mtu mpole, alinivuta kando baada ya swala akaniuliza kwa adabu kama ni kweli tumeumba. Nilimwambia, la, sheikh, tunalisha tu. Alisema alhamdulillahi, na akataka kujua zinakula nini. Kinondo nako Mwalimu Rashidi alisoma dua na kuchinja, mtaa mzima ukala, na chuo kikuu kimoja cha mjini kikampigia simu Mwanasiti kumwambia kwamba kina nafasi ya uhadhiri, ni yake, mradi awe amemaliza shahada yake kabla muhula haujaanza.

Baada ya siku chache aliingia chumba changu cha kuoshea, akafunga mlango, akageuza ndoo akaikalia. Alikuwa amekonda.

Alisema hawezi kuandika sura ya matokeo. Kila akifika kwenye jedwali pana nafasi ya chupa za kulinganishia, na hana cha kuweka. Profesa alikuwa amemwambia aandike kwamba zilichafuka. Nikamwambia hata mimi ningeandika hivyo, na ulikuwa ushauri mbaya kama mashauri yangu mengi ya miaka ile.

"Ami, kama zilishikana bila kuchaguliwa, basi si kuchagua kwangu kulikozishikanisha. Kuna kitu kingine. Nataka kuanza upya."

"Na ile nafasi ya mjini?"

"Haitaningoja," akasema. Akasimama, akaigeuza ndoo kama ilivyokuwa.

Profesa hakukasirika. Ilikuwa vigumu zaidi: alishangaa. Alimuuliza, mbele yangu, kwa nini anataka kuharibu kitu imeshakubalika.

"Imekubalika ubaoni, Profesa," Mwanasiti akasema.

Alimruhusu, mradi asitumie neno kurudia. Kwenye ubao niliandika kwamba mradi umeingia awamu ya pili.

Tukaanza. Mwanasiti alinikalisha kwenye kigoda changu mwenyewe, akanihoji kama askari: nini kilibadilika, chakula, chupa, joto la kabati, mkono. Nikamwambia hakuna. Akauliza maji. Nikasema maji ni ya bahari, kama siku zote. Akauliza ya wapi.

Zamani tulichota Munje, kwa madumu, nyuma ya pikapu. Mvua zilipoichimba ile barabara niliona ni tabu bure, nikawa nachota papa hapa Kinondo, mbele ya hoteli, mwendo wa kuvuta sigara moja. Sikumficha mtu. Sikumwambia mtu pia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza, na kwa kuwa tunayachuja. Jioni nilipomsimulia Bi Mwanaisha alinigeukia.

"Wewe mwana wa Munje," akasema, "unayeonja pweza ukasema huyu si wa kwetu, leo unaniambia maji ya Munje na ya hotelini ni mamoja? Basi waliosoma wakikudanganya wana kosa gani?"

Tulipanga rafu upya. Chupa za kuchaguliwa na zisizochaguliwa, kwa maji ya Munje na kwa maji ya Kinondo. Barabara ile mbovu niliipita kwa miguu yangu, nikiwa na dumu kwenye baiskeli, na niliona ni haki yangu. Ilichukua miezi mingi kuliko aliyokuwa nayo. Siku ambayo muhula ulianza kule mjini aliingia kazini kama kawaida, akavaa glavu, na nilipomtazama alisema tu, "Wamepata mtu."

Jibu lilipokuja lilikuwa dogo na safi. Kwenye maji ya Munje seli zilikaa moja moja, uchague usichague. Kwenye maji ya Kinondo zilishikana, uchague usichague. Mwanasiti aliyachambua maji yale mpaka akampata mhusika, bakteria mmoja aliyepenya kwenye kichujio, ambaye seli zetu zikimwonja tu hushikana vitonge. Uwezo wa kuishi pamoja zilikuwa nao tangu zamani, zikingoja kuonja kitu. Sisi tulizikatia keki kwa jambo zililokuwa zikilifanya kabla ya yeyote katika ukoo wa wanyama kuwa na mgongo. Mwanasiti alisema hili ni zuri kuliko lile la kwanza. Nami nilipoangalia tena vile vitonge vikizunguka niliona ni kweli, ila nilijuta kwamba vile vya mwanzo kabisa, vya dirishani, hatutajua vilianza lini wala vipi, kwa sababu viko kwenye shimo la maji machafu la Kinondo.

Fundi Athumani alikuwa amekwisha kufariki wakati huo. Nilimshukuru Mungu kwamba sitalazimika kumweleza, kisha nikaona haya kwa shukrani hiyo.

Mtihani wa shahada ya Mwanasiti ulifanyika ukumbini kwetu, chini ya ubao. Watahini watatu walikuja kutoka vyuo vya nje, wakakaa mezani. Mbele alikaa Profesa, nyuma tulikaa sisi, na nyuma yetu ndugu za Mwanasiti kutoka Kinondo, babake akiwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono. Mambo yalikuwa ya Kiingereza, na cha kitabu hasa. Mimi niliambulia nusu. Mwalimu Rashidi hakuambulia kitu, ila kila binti yake alipomaliza kusema alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mtahini mkuu alikuwa mama wa makamo, Profesa mwenye asili ya visiwani, mwenye mtandio na sauti isiyo na haraka. Alifunua kurasa, akauliza: jaribio la kwanza, lile lililotangazwa, lilikuwa na chupa za kulinganishia? Mwanasiti akasema lilikuwa nazo. Yako wapi matokeo yake?

Nilimwona Profesa Mutiso akiitoa simu yake na kuitazama kwa makini. Na mimi, sijui miguu yangu iliagizwa na nani, nikajikuta nimesimama.

"Mimi ndiye niliyezimwaga," nikasema, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote.

Yule mama alinitazama juu ya miwani. Hakukasirika. Akahamia Kiswahili, na kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hukuulizwa wewe. Tafadhali kaa. Swali ni la mtahiniwa."

Watu wakacheka kidogo. Nikakaa, masikio yakiwaka moto. Na Mwanasiti, badala ya kurudi kwenye Kiingereza, alijibu kwa lugha ile ile aliyoikuta.

"Mzee alimwaga alichoagizwa," akasema. "Kabla sherehe haijaanza alinieleza kwamba chupa zile zilikuwa na vitonge. Mimi ndiye niliyejua maana yake. Nilinyamaza, nikaenda kukata keki. Baada ya hapo nilishindwa kuandika, ndiyo maana niko hapa nimechelewa."

Nilitazama nyuma. Katika alasiri nzima ya maneno ya binti yake, hayo ndiyo ya kwanza Mwalimu Rashidi kuyaelewa. Mikono yake ilikuwa magotini. Hakutikisa kichwa. Alimtazama Mwanasiti, na Mwanasiti akamtazama yeye, na niliona kwamba watahini wa mezani hawakuwa ndio aliokuwa akiwaogopa. Kisha yule mzee akaweka mkono kifuani, akauacha pale.

"Endelea," mtahini mkuu akasema.

Walitoka, wakakaa faragha, wakarudi. Alifaulu, na marekebisho machache. Moja lilikuwa kwamba kisa cha chupa zilizomwagwa kiandikwe kwenye tasnifu yake kama alivyokisema. Wanawake wa Kinondo wakapiga vigelegele kiasi kwamba watalii walichungulia juu ya ukuta wa hoteli. Nafasi ya mjini haikurudi. Mnamwona bado yuko nanyi, kwa mkataba mfupi mfupi, na mkurugenzi akimwita Daktari kwa furaha ya kweli kabisa.

Jioni ile ile Profesa alinijia na karatasi ngumu mpya. Alitaka tangazo la asubuhi: maabara yagundua bakteria wa ajabu. Nilimuuliza kama niandike pia tulivyozimwaga zile za kwanza.

Aliniwekea mkono begani. "Mzee wangu," akasema kwa upole, "hiyo ni habari. Mimi naomba mafanikio."

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika kwamba Mwanasiti binti Rashidi amefaulu. Kwamba tulitangaza jambo kabla ya kulihakiki. Kwamba chupa za kulinganishia zilitupa jibu tusilolitaka tukaziita chafu, na aliyezimwaga ni mimi. Na kwamba yeye alianza upya, ikamgharimu kazi. Sikuweka furaha kubwa. Nikabandika Ijumaa asubuhi, pini nne.

Tuliporudi kutoka msikitini ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pana picha ya hadubini mpya. Sikuuliza. Kwa ubao ule, asubuhi nzima ni muda mrefu. Mwanasiti alikuwa amekwisha kuisoma, akaleta chai mbili, na moja ilikuwa yangu. Na wanafunzi wapya waliofika wiki ile nao walikuwa wameisoma, kwani mmoja wao alinifuata hadi kwenye sinki, akanipa shikamoo kwa Kiswahili cha bara, akaniuliza chupa za kulinganishia huwekwa rafu gani.